Deni limekuzidi? Andikishaneni kabla ya msimu wa korosho

Mimi ni katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, hapa Newala, Mtwara, na kila mwaka naona watu wazima wakijificha wadai wao. Usijifiche, ndugu yangu. Chukua daftari, orodhesha wote wanaokudai: kausha damu (wakopeshaji wa riba kubwa), dukani, shemeji. Kiasi ulichopokea kiandike mbali na riba, maana hapo ndipo wengi wanapoumizwa. Mkopeshaji wa biashara mwombe akuonyeshe leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo.

Kisha waendee wote na pendekezo moja. Usiahidi rejesho kubwa mwezi Machi wakati pesa ya korosho huja baada ya minada, kuanzia Oktoba. Lipa kidogo kidogo, kikubwa kiwe msimu. Ila tenga kwanza pesa ya chakula na ya salfa, dawa ya mikorosho. Mikorosho isipopuliziwa, mwakani utakopa tena.

Mkataba utaje jumla ya deni, riba kusimama, tarehe za kulipa, na itakuwaje ukichelewa. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi na mtendaji wa kijiji, kila mmoja abaki na nakala. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu, hata akubembeleze vipi. Kila ukilipa, dai risiti palepale.