SOMO: Kumfundisha mtoto kata ya kwanza ya karate bila kumvuruga (maswali chini)

Wakuu, kila wiki napata ujumbe ule ule: "Sensei, mwanangu anachanganya kulia na kushoto kwenye kata, nifanyeje?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Nazungumzia Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, watoto wa miaka 6 hadi 9, mkanda mweupe. Kata ni mfuatano uliopangwa wa kukinga na kupiga, mtoto anaucheza bila mpinzani. Hii ya kwanza ni Heian Shodan: miondoko 21, ukelele wa kiai mara mbili, kwenye wa 9 na wa 17. Njia yake ukiichora chini inatoka kama herufi I yenye kofia na kiatu.

Hatua ya 1. Fagia. Mchanga juu ya saruji unachubua nyayo.

Hatua ya 2. Chora hiyo I kwa chaki, mstari wa katikati hatua nne za mtoto.

Hatua ya 3. Miguu kwanza, mikono kiunoni. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna ngumi. Watalalamika, wavumilie.

Hatua ya 4. Igawe kata vipande: 1 hadi 5, 6 hadi 9, 10 hadi 13, 14 hadi 17, 18 hadi 21. Kipande kimoja kwa siku, dakika kumi, halafu waache wakimbizane.

Hatua ya 5. Kugeuka. Hapa tulia.

Hii mimi niliiharibu. Ukumbi wetu una mlango kushoto na dirisha kulia, nikaona nimepata njia ya mkato: "Geukia mlangoni! Sasa dirishani!" Ndani ya wiki mbili watoto wameishika kata, natembea kifua mbele. Tukaenda mashindanoni, ukumbi wa watu, mlango uko kulia. Kijana wangu wa miaka saba akainama, akataja jina la kata kwa sauti mpaka nikasisimka, akakaa tayari, akageukia kulia. Kata nzima akaicheza kinyume, safi kabisa, kama uko ndani ya kioo. Waamuzi wote wakainua bendera za mwenzake. Akarudi kwangu hana hata chozi: "Sensei, mlango wao wameuweka siko."

Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo ni marufuku kutaja kitu chochote cha ukumbini. Kila zoezi tunaanza tukitazama ukuta tofauti. Wiki ya kwanza nawafunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Na nikionyesha, nawapa mgongo, maana ukiwatazama usoni mkono wako wa kulia uko upande wao wa kushoto, na mtoto anafuata anachokiona.

Sasa kugeuka kwenyewe. Kwenye kata hii ukigeuka, mguu wa mbele ndio unaohama. Isipokuwa mara mbili: mwondoko wa 10 na wa 18. Hapo mguu wa mbele, yaani wa kulia, unabaki kama msumari. Wa kushoto, ulioko nyuma, unapita nyuma ya mgongo, na mwili unazunguka kwa bega la kushoto robo tatu ya duara. Na ona balaa lenyewe: zote mbili zinakuja mara tu baada ya ukelele. Damu imechemka, mtoto anataka kujua kama mama kasikia. Halafu anakotakiwa kuishia ni upande wake wa kulia, kwa hiyo mwili unamwambia si ugeuke kulia tu, hapo karibu. Akiutii, anakinga kwa mkono wa kulia badala ya wa kushoto, na kila kinachofuata kimepinduka.

Dawa: baada ya ukelele, pumzi moja kimya. Atazame juu ya bega la kushoto kwanza, ndipo mguu usafiri. Mimi nawaambia "piga mkia wa mamba" na wanaelewa kuliko maelezo yote haya. USIMSHIKE mabega ukamzungusha. Unyayo umeganda chini, goti ndilo linalosokotwa. Na usimlazimishe akae chini sana, akikaa chini sana hawezi kugeuka hata umlipe.

Hatua ya 6. Rudisha mikono.

Hatua ya 7. Acha kumhesabia. Mtoto aliyezoea "ichi, ni, san" yako atasimama kama mnazi siku ambayo haupo.

MASWALI

Baba Junia: Mkuu, wangu ana miaka 4, mtihani wa mkanda ni Jumamosi. Nipe mbinu ya haraka.

Jibu: Leo Alhamisi. Mbinu ni kuahirisha.

Kobe Mzee: Sijasoma yote. Pale katikati anageuka kulia au kushoto?

Jibu: Hatua ya 5. Isome ukiwa umesimama.

Mtata: Kata ni ngoma tu. Wangu nataka ajue kupigana.

Jibu: Sijasema kata inatosha, na ngumi za wawili wawili tunazo kila zoezi. Lakini mada ni kata. Ukitaka mada ya mapigano, ianzishe, nitakuja kuchangia.

Mama Pacha: Habari Sensei. Mpwa wangu anafundishwa Wado, ule mtindo mwingine wa karate. Kata yake inaitwa Pinan Nidan, lakini nikiitazama ni kama hii hii ya wanangu. Kuna mwalimu aliyekosea?

Jibu: Hajakosea mtu, dada, na umeona vizuri. Kata hizi ziko tano, na jina lake la Okinawa, visiwa vya Japani ilikotoka karate, ni Pinan. Itosu Anko, mwalimu wa huko, ndiye aliyezipanga mwanzoni mwa karne ya 20, karate ilipokuwa inaingizwa mashuleni, kwa hiyo tangu mwanzo ni kata za wanafunzi. Funakoshi Gichin, mwanzilishi wa Shotokan, alipohamia nayo Tokyo akaziita Heian, na akabadilisha nafasi za ya kwanza na ya pili, kwa kuwa ile ya pili ni nyepesi kwa anayeanza. Ndiyo maana Pinan Nidan ya mpwa wako ni Heian Shodan ya wanao. Misimamo inatofautiana kidogo, wasiigane miguu. Waweke wote sebuleni wacheze pamoja, watajionea wenyewe zinapoachana.

Mama Pacha: Asante sana. Na akisahau katikati, watu wanamtazama?

Jibu: Abaki kwenye msimamo, ngumi zimekaza, macho mbele. Mara nyingi pumzi mbili tu mwili unakumbuka. Asikutafute kwa macho. Nawe ukiwa kwenye viti usimwonyeshe kwa mkono, hapo tunarudi kwenye mambo ya kioo.

Fundi Cherehani: Gi, yaani nguo za karate, za dukani zinawameza watoto. Nikunje tu mikono?

Jibu: Mashindano yanayofuata sheria za shirikisho la dunia hayaruhusu mikono iliyokunjwa. Pinda kwa ndani, shona kwa mkono, uzi mlegevu, ili akikua ufumue.

Mama Pacha: Na mkanda mpya unafunguka kila dakika!

Fundi Cherehani: Loweka usiku kucha, anika kivulini, utalainika.

Jibu: Loweka PEKE YAKE. Mimi wa njano niliutia ndoo moja na gi. Mpaka leo naitwa Sensei Embe.