Kufufua pikapu kuukuu nyumbani: anza na chesisi, rangi ingoje

Anayeanza na rangi kwa kawaida humaliza pesa kabla hajafika uvunguni. Gari linang'aa, lakini breki hazishiki na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imeliwa na kutu. Kwa mwenye bajeti ndogo mpangilio ni huu: chesisi, breki, injini, umeme, halafu bodi na rangi kwa kitakachobaki. Mifano yetu ni ya Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L (lita 2.4) au 3L (lita 2.8), kwa sababu spea zake, mpya na za mtumba, zinapatikana Kisekka na Ndeeba mjini Kampala, na si rahisi kukosa fundi anayeijua hata ukiwa mbali na mji mkuu.

Kabla hujalipa

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi na turubai la kulalia. Kwanza tafuta namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye fremu upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Ilinganishe na kitabu cha gari, na ya injini vilevile. Namba ikiwa imeliwa na kutu au imesagwa, liache hata kama bei inavutia. Ukarabati haurekebishi karatasi.

Kisha lala chini ugonge. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Gonga zaidi pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye mabano ya springi, na chini ya mipira inayobeba kabini. Barabara zetu za udongo mwekundu hujaza tope ndani ya chesisi. Tope hilo halikauki upesi, hushika unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani huku nje kikionekana kizima. Bisibisi ikizama sehemu moja au mbili, inatengenezeka. Ikizama pande zote mbili juu ya ekseli, tafuta pikapu nyingine.

Chesisi

Panga kazi hii miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti, maana chuma kilichosafishwa kikinyeshewa usiku mmoja, asubuhi kina kutu tena. Liinue gari kwa jeki, ulikalishe kwenye stendi za chuma. Usilikalishe juu ya matofali: tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kutoa dalili, nawe uko chini.

Toa tangi la dizeli, chomoa betri na nyaya za altaneta (kinachochaji betri) kabla ya kuchomelea. Umeme wa mashine ukipita humo huua dayodi zake. Osha ndani ya chesisi kwa maji ya mpira mpaka yatoke meupe, kisha uache ikauke siku kadhaa.

Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Kiraka kiwe na unene sawa na wa chesisi, upime kwa venia (kipimo cha unene), usikisie. Ncha zake zikatwe kwa mshazari kama almasi. Mshono ulionyooka wima kutoka juu hadi chini hukusanya mkazo wote kwenye mstari mmoja, na chesisi itapasuka kandokando yake siku ya kwanza ukibeba mifuko ya saruji. Kwa sababu hiyohiyo usipitishe mshono wa kukingama kwenye uso wa juu wala wa chini wa fremu, ndiko inakovutwa na kubanwa zaidi. Elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ya milimita 2.5 aina ya 7018, iliyokauka vizuri, inatosha kwa ampea 70 hadi 90. Ile ya 6013 iliyozoeleka ni rahisi kutumia, lakini iwekee kazi za bodi. Kama mkono wako haujazoea, mlipe mchomeleaji kwa hatua hii moja. Hapa si mahali pa kujifunzia.

Baada ya hapo piga praima ya kuzuia kutu mara mbili, rangi nyeusi juu yake, na ndani ya chesisi mwagia grisi iliyolainishwa kwa dizeli. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Wengi huyaziba kwa rangi, na hapo kutu inaanza upya.

Breki

Hapa usinunue mtumba. Bomba la breki la mtumba au mpira uliokaa juani miaka mingi hupasuka siku unapolihitaji. Badilisha mipira yote ya maji ya breki, mipira midogo ya ndani ya silinda za magurudumu (washa), na liningi za nyuma. Padi za mbele zikibaki chini ya milimita 3, zibadilishe pia. Vumbi la liningi za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lioshe kwa maji na sabuni, usilipulize kwa hewa.

Ukitoa hewa kwenye maji ya breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Lita moja ya maji ya breki aina ya DOT 3 inatosha. Kile kivali kilicho karibu na ekseli ya nyuma, chenye fito inayopanda na kushuka na mzigo, kina nati yake ya kutolea hewa. Mafundi wengi hukifunga waya au kukiruka. Kisipofanya kazi, magurudumu ya nyuma hujifunga gari likiwa tupu, na kwenye lami yenye maji pikapu hugeuka ubavu.

Injini

Iliyolala muda mrefu isipigwe stata kwanza. Mwaga dizeli ya zamani, osha tangi, weka filta na oili mpya, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele, mizunguko miwili kamili. Ikikwama usilazimishe.

Toa hita plagi zote nne (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha) upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa geji ya dizeli. Injini nzima hufika karibu na kilo 30 kwa sentimita mraba. Chini ya 20, au silinda zikipishana zaidi ya 5, inahitaji kufunguliwa. Ugonjwa unaojulikana wa 2L ni silinda hedi kupasuka katikati ya vali baada ya kuchemsha. Dalili zake ni mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, maji yanayopungua bila kuvuja, na moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto. Hedi ya mtumba usiinunue kabla haijapimwa kwa presha ya maji.

Usikubali kuondoa thamostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, "ili ipoe". Kwenye injini hizi thamostati huziba pia njia ya mchepuko. Ukiitoa, maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na injini huchemka zaidi mlimani. Weka mpya, na badala ya maji matupu tumia kulanti (dawa ya rejeta) na maji, nusu kwa nusu.

Belti ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari lisilo na kumbukumbu, badilisha tu pamoja na beringi yake ya kukaza, maana ikikatika vali hugonga pistoni na bajeti yote inakwisha.

Umeme

Mara nyingi shida ni waya wa ati, unaorudisha umeme kwenye betri. Kwaruza viungo vyake hadi chuma kati ya betri na bodi, bodi na chesisi, chesisi na injini. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa; injini ikiwaka, husoma kati ya 13.8 na 14.4.

Bodi na rangi

Puti isizidi milimita 3. Penye tundu, choma bati kwanza, maana puti iliyoziba tundu hunyonya maji kwa nyuma na kubanduka msimu wa mvua. Msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, halafu praima. Usiliache gari na praima tupu wiki kadhaa nje. Praima hupitisha maji. Rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha) ina sumu inayoharibu mapafu, na kitambaa puani hakiizuii. Nyumbani rangi ya mafuta ya kupaka kwa rola laini, tabaka tatu nyembamba, msasa 600 wa maji kati yake, inatosha kabisa kwa gari la kazi.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza tena nati za magurudumu na za yubolti (bolti zenye umbo la U) za springi, kisha lala chini na tochi utazame viraka vya chesisi kama vina ufa.