Kabla Hujafungua Ruta Kuongeza Kadi ya Mtandao

Zima ruta, chomoa waya wa umeme, ndipo ufungue. Zipo ruta kubwa za moduli zinazokubali kadi kuchomekwa huku mashine inafanya kazi, lakini hilo liwe limeandikwa kwenye mwongozo wa modeli yako hasa. Kama hujalisoma kwa macho yako, zima.

Vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli. Kadi iliyopigwa na umeme huo haifi papo hapo kila mara. Nyingine huwaka vizuri, kisha huanza kudondosha pakiti, vile vipande vya data, mzigo ukizidi, na utamlaumu kila mtu isipokuwa vidole vyako.

Hifadhi usanidi, yaani mipangilio yote ya ruta, nje ya mashine hiyo. Bakapu iliyo ndani ya mashine unayoifungua si bakapu.

Angalia kama toleo la mfumo lililomo linaitambua kadi hiyo. Kama halitambui, pandisha toleo siku nyingine kabla, uone limetulia. Ukibadilisha vitu viwili kwa mkupuo, tatizo likitokea hujui ushike kipi.

Pima pia tundu. Kwenye ruta iliyojengwa kwa kompyuta, urefu wa tundu la PCIe, lile la kuchomekea kadi, hudanganya: laweza kuwa refu huku limeunganishwa njia moja tu ya data. Njia moja ya PCIe 2.0 hubeba takriban Gbps 4 kila upande, kwa hiyo kadi ya Gbps 10 humo itakaa, itawaka, na haitafika popote karibu na kasi yake. Kwenye Linux, amri ya lspci -vv itakuonyesha njia ngapi zimepatikana kweli.

Sasa hili lifuatalo lisome polepole.

Fundi mwenzangu aliongeza kadi ya poti mbili kwenye ruta ya Linux ya ofisi moja. Mashine ikawaka, taa za kijani zote, intaneti hakuna. Akatoa kadi, intaneti ikarudi. Akairudisha, ikafa tena. Akaamua kadi ni mbovu, ikaletwa nyingine, nayo ikafanya vilevile. Katikati ya kuhamishahamisha kebo, poti ya ndani ikaelekea kwa mtoa huduma, DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, ikaanza kuzigawa upande usiokuwa wake, na mtoa huduma akaikata laini. Muda wote huo ruta haikuwa na skrini wala kibodi. Alikuwa amezoea kuingia kupitia mtandao, na mtandao ndio huo haupo.

Kadi zote mbili zilikuwa nzima. Kilichohama ni majina. Linux nyingi huita poti kwa mahali ilipo: katika enp3s0, ile 3 ni namba ya basi la PCI, njia inayounganisha kadi na mashine. Ukichomeka kadi mpya, mashine huhesabu mabasi upya inapowaka, na kadi ya zamani iliyokuwa kwenye 3 yaweza kujikuta kwenye 4. Usanidi bado unaitafuta enp3s0. Usanidi usipoikuta, poti haipati anwani. Usanidi ukiikuta lakini sasa ni ya kadi ngeni, ndiyo balaa zaidi, maana kanuni zote za faiwoli zinalinda poti isiyo na kebo. Ruta zinazotumia mfumo wa FreeBSD nazo hazijapona: majina kama igb0 na igb1 hufuata draiva (programu inayoendesha kadi) na mpangilio wa kugunduliwa, na kadi mpya ya draiva ileile yaweza kuhesabiwa kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya bisibisi, andika kwenye karatasi anwani ya MAC ya kila poti (namba yake ya kipekee kutoka kiwandani), kebo inayoingia hapo, na kazi yake. Kisha funga majina kwa anwani hizo. Kwenye mifumo ya Linux inayoendesha huduma zake kwa systemd ni faili fupi yenye mwisho wa .link ndani ya /etc/systemd/network. Tumia PermanentMACAddress, kwa sababu poti za VLAN, yaani poti pepe juu ya poti halisi, huazima anwani ya MAC ya poti mama na zinaweza kukuchanganya. Zipe majina kama ndani0 na nje0. Eth0 iache, kerneli (kiini cha Linux) yenyewe huitumia. Badilisha usanidi na faiwoli zifuate majina mapya, washa upya, hakikisha kila kitu kinafanya kazi kwa kadi za zamani peke yake. Hapo ndipo ufungue kasha. Na skrini na kibodi, au kebo ya konsoli, viwe mezani tayari.

Kwenye ruta zilizoundwa tayari kiwandani majina hufuata namba ya tundu, kwa hiyo usihamishe kadi zilizomo. Poti mpya ikikaa kimya, angalia kama imezimwa kwenye usanidi. Nyingi huanza hivyo.

Ukishawasha, taa ya kijani isikutoshe. Tazama kasi kwa amri ya ethtool. Poti ya Gbps 1 ikikubaliana Mbps 100, shuku kebo kwanza: Gbps 1 kwenye shaba hutaka nyaya zote 8, Mbps 100 huridhika na 4. Usifunge kasi kwa mkono upande mmoja na kuacha mwingine ujichagulie. Ule unaojichagulia utaangukia nusu-dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, na mtandao utakwama bila kukatika. Sukuma mzigo kwa programu ya iperf3. Kwa poti ya Gbps 1, karibu Mbps 940 ni afya. Soma vihesabio vya makosa kabla na baada. Namba za CRC, yaani za data iliyofika ikiwa imeharibika, zikipanda, kazi haijaisha.

Zima kabisa, washa tena, uone majina yamebaki palepale. Rudisha mabamba kwenye matundu matupu, hewa ipite inapotakiwa. Hesabu skrubu. Usifanye kazi hii saa ambayo watu wanaitegemea laini, wala jioni ambayo huwezi kupata mtu wa kukufungulia mlango kesho yake. Na kadi uliyoitoa, kama ipo, irudi kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ikae karibu.