Kuinua Prado 120 kwa spesa: nati ya katikati haiguswi

Haya ni ya Toyota Prado 120, ya mwaka 2002 hadi 2009, yenye springi za koili mbele na nyuma. Spesa ni kipande kinene kinachowekwa kwenye springi au shokapu ili gari likae juu zaidi. Iliyo na mifuko ya upepo nyuma badala ya springi haimo.

Spesa ya mbele hukaa juu ya kichwa cha shokapu. Shokapu yenyewe imeshika karibu katikati ya amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi), kwa hiyo unene huo hufika kwenye tairi karibu mara mbili: spesa ya milimita 25 inainua kama 50. Nyuma springi imekalia akseli; ukiweka 30 unapata karibu 30. Mbele usivuke 25. Ukizidisha, draivshafti (chuma kinachozungusha tairi) inakaa mshazari, buti zake, yaani mipira inayofunika jointi, zinajikunja na kupasuka, na amu ya juu inagonga koili kila tairi linaponing'inia.

Usiku wa kuamkia kazi, pulizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, weka kabari nyuma, kisha inua mbele yote na uikalishe chesisi kwenye stendi mbili. Jeki peke yake si ya kulalia chini. Ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza (chuma kinachounganisha amu za kushoto na kulia) itakupigania. Fungua linki zake kushoto na kulia.

Toa bolti ya chini ya shokapu (spana namba 19), halafu nati tatu za juu (namba 14). Ile nati moja kubwa ya katikati ndiyo inayozuia springi iliyobanwa. Ukiifungua bila kibana springi, koili inaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Kwa spesa ya aina hii huna sababu ya kuigusa.

Ili shokapu itoke, achanisha boljointi ya juu: vuta spliti pini, legeza nati ibaki nyuzi chache, piga nyundo ubavuni mwa chuma kinachoishika, si kwenye nyuzi. Funga habu kwa waya mara moja. Ikilala nje inavuta mpira wa breki, waya wa ABS, na inaweza kuchomoa draivshafti.

Funga spesa, rudisha shokapu, inua amu kwa jeki mpaka matundu yalingane. Nati za juu kaza Nm 64 (kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya toki), boljointi 110 na spliti pini mpya. Bolti ya chini ishike kwa mkono tu; ikaze Nm 135 gari likisimama kwa tairi zake, la sivyo bushi inabaki imejinyonga na kuchanika mapema.

Nyuma ni rahisi: fungua shokapu chini, shusha akseli taratibu ukiangalia mpira wa breki, chomoa springi, weka spesa juu yake. Kama gari lina valvu ya breki inayofuata mzigo, rekebisha mkono wake. Vinginevyo itadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma.

Likiwa chini, kata usukani mwisho huku na huku, mtu akichungulia mipira ya breki. Nenda alainimenti (kunyoosha tairi) siku hiyohiyo; kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani, hupungua, na gari huyumba barabarani. Baada ya kilomita 100 kaza upya, na shusha taa za mbele kama sasa zinamulika juu.