Waya Unaofaa kwa Shawa ya Umeme na Swichi Yake

Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo haizidi ukubwa wa bakuli, lakini katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania ndiyo inayovuta umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote. Kwa hiyo waya wake haukadiriwi kwa macho, bali hupigiwa hesabu.

Anza na maandishi yaliyo kwenye shawa yenyewe. Iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 220 huvuta ampea 25. Mafundi wengi huishia hapo, ilhali umeme wa Kenya ni wa volti 240, na volti zikiongezeka koili, yaani waya wa ndani unaopasha maji, nayo huvuta zaidi, hata shawa hiyohiyo ikafikia ampea 27 na wati zipatazo 6,500. Waya wa milimita za mraba 2.5, ambao fundi huwa nao mkobani kwa ajili ya soketi, ukipitishwa ndani ya bomba ukutani hubeba takriban ampea 24 tu. Hautaungua siku ya kwanza; utapata joto kila asubuhi watu wanapooga kwa zamu, mpaka plastiki yake ikauke na kupasuka mahali pasipoonekana. Katika hali hiyohiyo waya wa 4 hubeba ampea 32, na wa 6 hubeba 41. Mimi hushauri wa 6, hasa bafu likiwa mbali: kwa umbali wa mita 20, waya wa 2.5 hupoteza karibu volti 10, na wa 6 hupoteza karibu volti 4. Dukani, kwaruza ncha ya waya kwa kisu, kwa maana zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu.

Laini hiyo itoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha breka, ikiwa na breka yake ya ampea 32, bila kuchangia na taa wala soketi. Breka ikijizima mara kwa mara, tafuta sababu. Kuweka breka kubwa zaidi ni kuuondolea waya mlinzi wake.

Swichi iwe ya ampea 45, yenye taa, inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa pamoja, nayo ifungwe nje ya bafu, mahali pasipofikiwa na mkono wenye maji.

Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haujadiliwi: lazima uwepo. Katika shawa nyingi za aina hii koili iko wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya Pwani, hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Huko nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, na uongeze kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampea 30.

Mahali ninapopatilia mkazo kuliko pote ni kiungo cha nyuma ya shawa. Nimefungua nyingi nikakuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi, utepe wenyewe umeyeyuka ukanata kama lami, na shaba imegeuka rangi ya kahawa iliyoungua. Tumia konekta ya kauri, ukaze skrubu zake barabara, na usiache shaba iliyo wazi nje yake.

Hita yenye tangi haivuti umeme mwingi hivyo: ya wati 3,000 huvuta ampea 12.5, hivyo waya wa 2.5 na swichi ya ampea 20 vinatosha, ila kipande kinachoingia kwenye tangi kiwe cha waya unaostahimili joto.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania Bara. Akimaliza, mwombe awashe shawa kwa kiwango cha juu kabisa kwa dakika kumi, kisha aguse kifuniko cha swichi kwa mgongo wa kiganja kikavu. Kikiwa vuguvugu, si neno. Kikiwa cha moto, azime meni swichi na akifungue papo hapo, kwa kuwa huenda kuna skrubu iliyolegea ndani.