Kutoa santuri ya blues kwa mtaji mdogo: njia ya Alligator

Hesabu hela kabla ya kutafuta studio. Bruce Iglauer alipoanzisha lebo (kampuni ya kutoa santuri) ya Alligator mjini Chicago mwaka 1971, alikuwa na dola 2,500 za urithi. Wakati huo alikuwa karani wa kufungasha na kusafirisha santuri kwenye lebo ya Delmark. Bosi wake, Bob Koester, hakuwa tayari kumrekodi Hound Dog Taylor, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues, basi Iglauer akamrekodi mwenyewe.

Chagua bendi iliyokwisha zoeana. Taylor na wenzake walikuwa wakipiga Jumapili mchana kwenye baa ya Florence's, kusini mwa jiji, kwa hiyo studio ilitosha kukodiwa usiku mbili. Walikuwa watatu tu: magitaa mawili na dramu. Mpiga besi hawakuwa naye. Brewer Phillips aliziba pengo hilo kwa nyuzi nene za gitaa lake.

Waweke chumba kimoja, wapige kwa pamoja, urekodi moja kwa moja kwenye treki mbili, yaani njia mbili tu za sauti kwenye mkanda, kushoto na kulia. Utaokoa gharama za kuchanganya sauti, ila kuna mtego: gitaa likimfunika mwimbaji, hulipunguzi tena. Rekodi wimbo mmoja wa majaribio, usikilize, usogeze maikrofoni, ndipo muanze. Mkwaruzo wa amplifaya usihangaike kuusafisha. Kwa Taylor, huo ndio utamu wenyewe.

Upande mmoja wa santuri usizidi dakika 20 hivi. Ukijaza zaidi, mifereji inabanana na sauti inafifia. Nyimbo za kishindo zitangulie, kwenye ukingo wa nje. Kadiri sindano inavyokaribia katikati, herufi kama “s” huanza kuchanika. Dai nakala za majaribio kiwandani na uzisikilize hadi mwisho. Noti ndefu ikiyumba kila santuri inapozunguka, tundu limetobolewa pembeni, zirudishe.

Iglauer alichapisha nakala 1,000, akazipakia garini na kuzungukia stesheni za redio na wasambazaji. Nawe tenga za redio mapema, maana hizo haziuzwi. Zilizo kwa msambazaji usizihesabu kuwa pesa: asipoziuza, atakurudishia, na nyingine zitakuja na majalada yaliyokunjika.

Santuri ya pili isubiri ya kwanza ilipe. Ya Taylor ilipewa namba 4701 katika orodha ya santuri za Alligator. 4702, ya wapiga harmonika Big Walter Horton na Carey Bell, ikafuata.