Kabla Mtoto Anayesomea Nyumbani Hajavaa Jezi ya Timu

Michezo ya shule nchini Kenya ni ya shule. Mtoto anayesomea nyumbani pale Milimani, Kisumu, au kule Lurambi, Kakamega, hata akiwa stadi kuliko wenzake wote mtaani, hawezi kuingia katika mashindano ya KSSSA, chama cha michezo cha shule za sekondari, mpaka awe mwanafunzi halali wa shule inayoshiriki. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wazazi wengi wamesoma habari za Marekani wakazichukua kama zilivyo. Jimbo la Florida lilipitisha sheria mwaka 1996 inayomruhusu mtoto wa masomo ya nyumbani kuchezea shule ya umma. Tim Tebow, aliyesomeshwa na wazazi wake, aliitumia kuchezea Nease High School kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Florida na kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, mwaka 2007. Hata huko, kila jimbo lina uamuzi wake.

Sisi hatuna sheria kama hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, na masomo ya nyumbani haijayatengea nafasi yake. Kwa hiyo, kabla hujauliza bei ya viatu vya mpira, kaa na wakili akueleze familia yako imesimama wapi kisheria. Mtoto akiingia timu, majina yake yataonekana kwenye orodha nyingi, na ni vizuri uwe umejiandaa kujibu maswali.

Kisha amua anapitia mlango upi, shule au klabu.

Mlango wa shule una masharti yake. Mchezaji wa KSSSA sharti awe chini ya umri wa miaka 19, na kabla ya mashindano vyeti hukaguliwa: cheti cha kuzaliwa, usajili katika mfumo wa wizara ya elimu, matokeo ya mitihani ya kitaifa. Ngazi huanzia zoni, kisha kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na hatimaye mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSA. Mpira wa vikapu, magongo, handiboli na raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza. Kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba muhula wa pili. Mzazi anayekumbuka kutafuta nafasi Mei, wakati timu ya kandanda tayari iko uwanjani, amechelewa. Uliza mapema kanuni za uhamisho zinasemaje juu ya mwanafunzi mgeni, na umuulize mwalimu wa michezo mwenyewe, maana ndiye anayejaza fomu.

Kama unafikiria kumrudisha shuleni Gredi ya 10 ili afuate mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, hesabu ianze miaka kadhaa nyuma. Katika kupangiwa shule, alama za mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 hubeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Mtoto aliyekuwa nyumbani muda wote huo akifuata mtaala wa nje atafika pale bila alama hizo. Zungumza na shule iliyo kituo cha mtihani angali Gredi ya 5, si wiki ya mwisho ya usajili.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtoto wako akiwa mzuri, utafuatwa. Atakuja mtu, pengine mwalimu, pengine shabiki tu wa shule fulani, akuambie, "Lete kijana acheze ngazi ya zoni tu, karatasi tutazipanga." Huku kwetu Magharibi na Nyanza mpira wa shule hufuatwa kama ligi, Kakamega School ikikutana na Musingu watu huacha shughuli zao. Tamaa ya ushindi ni kubwa na mtoto asiye na shule huonekana kama mchezaji wa bure. Kataa. Huyo anaitwa mamluki, na timu iliyomchezesha ikikatiwa rufaa hupoteza mechi, na mara nyingi kikosi kizima hufungasha virago. Wasichana au wavulana 18 waliofanya mazoezi tangu Januari wanarudi nyumbani kwa sababu ya mtu mmoja. Na mwanao, aliyecheza kwa jina la mwingine, amefunga mabao ambayo hatayadai kamwe. Anayekushawishi atatafuta mwingine mwaka ujao. Jina lililochafuka litabaki la mwanao.

Mlango wa klabu ndio ulio wazi zaidi kwa mtoto wa nyumbani. Klabu haiulizi anasoma wapi. Inauliza ana umri gani. Hakikisha imesajiliwa na tawi la kaunti la FKF, shirikisho la kandanda la Kenya, na ujue inacheza ligi gani na kwa umri upi. Mashindano kama Chapa Dimba, ya vijana wa miaka 16 hadi 20, yalijengwa juu ya timu za mtaani. Mchezaji akisajiliwa rasmi hupewa namba ya FIFA Connect inayomfuata maisha yote, na hawezi kusajiliwa na klabu mbili kwa wakati mmoja. Basi uliza kabla ya kutia sahihi: siku tukihama Kisumu kwenda Nakuru, barua ya kumwachilia itatoka kwa nani, na kwa masharti gani? Jibu liandikwe. Nimeona vijana wakikaa msimu mzima kwa sababu ya barua moja.

Ujue pia kwamba wachezaji wengi wa rika lake wako shule za bweni. Muhula ukiendelea mazoezi huwa na watu wachache. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ndipo wanaporudi na mashindano ya mtaani yanapochangamka. Ratiba ya masomo ya nyumbani inakupa nafasi ya kupanga upya, kwa hiyo mpe mapumziko kidogo ndani ya muhula ili likizo awe huru. Kwa raga, klabu kama Nakuru RFC, Kabras au Kisumu RFC zinajulikana kwa vikosi vya watu wazima. Uliza kama kuna kikosi cha vijana, na usikubali mtoto wa miaka 15 agongane na wanaume wa miaka 25.

Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi wa yote. Kitoe sandukuni leo ukisome herufi kwa herufi. Familia nyingi hapa mtoto ana jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la baba, na kila ofisi huyapanga inavyotaka: cheti kinasema Wafula, kadi ya kliniki Wafulah, pasipoti imeacha jina la katikati. Mkaguzi hajui ni mtoto mmoja. Kama kuna kosa, au cheti hakijawahi kutolewa, shughulikia kupitia eCitizen au ofisi ya usajili wa raia mapema, kwa kuwa usajili wa kuchelewa hudai ushahidi zaidi. Usipunguze miaka. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI ili kuwanasa vijeba, yaani waliopita umri. Tena pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya usajili wake, huorodhesha klabu zake tangu mwaka aliotimiza miaka 12. Tarehe ya uongo itamwandama. Na dalali akija na hadithi ya majaribio Ulaya, kumbuka kwamba FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa vighairi vichache sana. Asitoke nyumbani na pasipoti yake ya kusafiria mkononi mwa mtu huyo.

Afya isisahaulike. Eneo la ziwa na Magharibi lina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Mpime mtoto kabla ya mazoezi mazito, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu anayebeba jeni moja tu naye anaweza kupata shida akikimbizwa sana kwenye jua. Mwandikishe kama mtegemezi wako katika SHA, bima ya afya ya serikali, maana hana shule ya kumkimbiza hospitalini. Akigongwa kichwa, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, kocha aseme anavyosema.

Mwenye ndoto ya ufadhili wa masomo Marekani aanze kutunza rekodi mtoto akiwa Gredi ya 9. NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo vikuu huko, hudai masomo 16 ya msingi, na kwa ngazi ya kwanza (Division I) 10 kati ya hayo yakamilike kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, pamoja na wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.3 kati ya 4.0. Anayesomea nyumbani hutakiwa pia kueleza kila somo lilifundishwa na nani na kwa vitabu gani. Andika muhula kwa muhula; ukingoja miaka minne hutakumbuka.

La mwisho ni safari. Shuleni mwalimu hubeba dhamana ya mtoto. Katika klabu lazima uulize mwenyewe. Nani analala chumba kimoja na watoto, kuna mama anayeandamana na wasichana, dereva ni nani, wanarudi saa ngapi? Kocha mwema hachukizwi na maswali hayo. Mwandikie mwanao namba mbili za simu kwenye karatasi, aiweke ndani ya begi la jezi, na namba moja iwe ya mtu anayeishi mji wanakoenda.